Mechi Iliyokausha Mabomba (Sehemu ya Sita)

Msomaji mmoja amemwandikia mhariri kuuliza kama mimi sina haya. Ninayo. Isingekuwa haya ningekuwa nimejilalia nyumbani kwangu, na ukurasa huu ungekuwa na habari za mtu mwingine.

Kwa mliochelewa, habari yangu kwa ufupi ni hii. Nilikuwa mwendesha mitambo katika mtambo wa kusafisha maji unaohudumia mji mzima. Kazini waliniita Geji, kwa sababu nilianza kazi enzi za kusoma geji kwa macho, kabla kompyuta hazijaja kufungua na kufunga kila kitu. Jumapili moja mchana, nikiwa zamu, niliunganisha kompyuta ya kuongozea pampu na simu yangu ili ipate intaneti, nitazame mpira kwenye skrini kubwa. Ilikatazwa, na nilijua. Tovuti ya bure niliyoingia ikanitaka nipakue programu ndogo kwanza, ndipo picha ije. Nikapakua. Mechi yenyewe iliisha bila bila.

Wiki mbili na siku moja baadaye, Jumatatu asubuhi, skrini zote ziligeuka nyekundu. Wezi wa mtandao walikuwa wamefunga kila kitu, pampu, vipimo vya klorini, hata nakala za akiba, na walitaka walipwe ndipo watoe ufunguo. Pampu zikasimama. Mabomba yakakauka mji mzima.

Jina lililokutwa kwenye kumbukumbu za kompyuta kwa siku ile ya mechi halikuwa langu. Lilikuwa la mwenzangu wa zamu, mkemia wetu, ambaye wote tulimwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha kemia sekondari. Neno lake la siri alinipa mwenyewe, mtoto wake alipolazwa, ili nimjazie vipimo akiwa hospitali. Siku ya mechi nililitumia hilohilo, maana langu halikuruhusiwa kupakua kitu.

Jumanne wakamsimamisha kazi. Wiki iliyopita niliishia pale anapotoka na vitu vyake kwenye katoni, na mimi nimemshikia mlango ili apite vizuri.

Basi sasa ni Alhamisi, siku ya nne.

Tangu Jumatatu nilikuwa nashinda shimoni. Chini ya uwanja wa mtambo kuna valvu kumi na nne ambazo mkono wa mtu haukuwa umezigusa kwa miaka tisa. Wenzangu wa zamu nyingine waliajiriwa kompyuta zikiwa zimeshawekwa, hawakujua hata zilipo. Mimi nilizijua moja moja: ipi inazungushwa kulia, ipi kushoto, ipi inakwama katikati ukadhani imefika mwisho.

Tulizipaka grisi. Tukaongeza urefu wa spana kwa kipande cha bomba, tukaning'inia watu wawili kwenye spana moja. Klorini tuliipima kwa ndoo na vijiti vya kubadilika rangi, kazi ambayo Mwalimu angeifanya huku anapiga stori. Mimi nilirudia kila ndoo mara tatu. Saa nne asubuhi geji ya bomba kuu ikaanza kupanda. Robo saa baadaye hospitali wakapiga simu kusema maji yamefika.

Meneja alinikumbatia na matope yangu. Alikuwa amekuja na mwandishi wa redio, dada mmoja mchangamfu, ambaye aliniuliza nimewezaje. Nikasema ni kazi tu. Akaniuliza nina maoni gani juu ya mwenzetu aliyesababisha yote haya.

"Hilo waachiwe wapelelezi," nilisema.

Maneno matatu. Yalitangazwa mara nne siku ile, na kila yalipotangazwa yalitanguliwa na jina walilonipa, Shujaa wa Bomba Kuu.

Mchana nilikwenda hospitali kumwona shangazi yangu. Huyu ndiye aliyenilea. Figo zake zilichoka miaka miwili kabla ya haya, na mara tatu kwa wiki hulala kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine hizo hunywa maji kuliko ng'ombe. Ndiyo maana siku zile tatu za ukame wa mabomba sikuthubutu kuuliza anaendeleaje. Nilimpigia muuguzi mara moja, nikaambiwa yupo, nikakata simu kabla hajaendelea.

Nilimkuta ameketi kitandani, redio ndogo iko sikioni. Alikwisha nisikia. Aliwaambia wenzake wa wodini kwamba ndiye huyu, na wote wakageuza vichwa. Mzee mmoja aliyefungwa mirija alininyooshea kidole gumba. Nikatafuta mahali pa kuweka macho, yakaangukia kitanda cha karibu na dirisha. Kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa.

Nikauliza aliyekuwa pale ameruhusiwa lini. Niliuliza ili nibadilishe mazungumzo.

Shangazi akazima redio.

Alikuwa fundi saa, alinieleza, mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, aliyekuwa akija na bisibisi zake ndogo na kuwatengenezea wagonjwa saa zao wakisubiri mashine. Jumanne jioni tangi la akiba la hospitali lilibaki na maji ya kumtosha mtu mmoja. Zamu ilikuwa ya fundi saa. Lakini shangazi alikuwa amevimba miguu mpaka mapajani, na pumzi zinakata. Fundi saa akawaambia wauguzi wamtangulize mama, yeye bado ana nguvu, atangoja mpaka asubuhi. Daktari akaja, akawatazama wote wawili, akakubali.

Asubuhi maji hayakuwepo. Walimpakia kwenye gari la wagonjwa wampeleke mji wa pili, mwendo wa saa tatu. Hakufika.

"Alinipa zamu yake," shangazi alisema. "Mimi mzee, yeye ana watoto wadogo."

Nilimshika mkono. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mkono wangu.

Kisha akaniuliza: "Huyo mwanamke wanayemtaja redioni, aliyeacha wezi waingie. Unamjua?"

"Namjua."

"Ni mtu wa namna gani?"

Ningeweza kusema palepale. Wodi ilikuwa imetulia, shangazi ananitazama kwa macho yaleyale aliyonitazama nayo nilipokuwa na miaka saba nimevunja kioo cha jirani. Siku ile ya kioo nilisema mwenyewe, akanichapa, kisha akanipa chakula.

"Ni mtu wa kawaida tu," nilijibu.

Shangazi alitikisa kichwa. Alisema haelewi mtu wa kawaida anawezaje kula na kulala baada ya jambo kama lile. Nikamwambia natakiwa kazini.

Sikwenda kazini. Miguu ilinipeleka nyumbani kwa Mwalimu, ghorofa ya tatu, mlango wenye viatu vya watoto vimepangwa nje.

Aliyefungua ni mumewe. Huyu ni fundi cherehani, anafanyia kazi barazani pao pa juu, na alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Alinipokea kwa mikono miwili. Alisema katika watu wote wa kazini kwa mkewe mimi ndiye wa kwanza kukanyaga pale tangu Jumanne. Majirani wa chini hawaitikii salamu. Binti yao alirudi kutoka shule jana daftari limechanwa, amechorewa bomba jalada zima. Aliyasema yote haya akinimiminia chai, na aliponipa kikombe akasema, "Wewe ni ndugu." Chai ile ilikuwa na maziwa na sukari ya kutosha, nami nikaiweka mezani bila kuionja.

Mwalimu alitoka chumbani. Alikuwa amekonda katika siku mbili. Alimwomba mumewe akamchukue mtoto shuleni mapema, asirudi peke yake, na mume akatoka akiniomba radhi kwa kuniacha.

Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi mpaka chini kabisa.

"Chai yako inapoa," Mwalimu alisema. Kisha, kwa sauti ileile: "Nilikuona, Geji."

Jumapili ile ya mechi alikuwa ameniomba atoke mapema ampeleke mtoto kliniki, na mimi nikamwandikia kwenye daftari la zamu kwamba yupo mpaka jioni. Alipofika kituo cha basi akakumbuka ameacha kadi ya kliniki mezani. Akarudi. Kupitia kioo cha mlango akaniona nimeegemea kiti, simu imeunganishwa kwa waya, wachezaji wanakimbia kwenye skrini ya pampu. Alifikiri kunigombeza, akaona mwenye makosa ya kutoroka zamu hana mdomo wa kumgombeza mtu. Kadi nyingine angepewa kliniki. Akaondoka.

Nikamuuliza kwa nini hakusema walipomsimamisha.

"Niseme nini? Kwamba sikuwepo, na daftari linasema nilikuwepo? Kwamba neno la siri niliandika mwenyewe kwenye karatasi nikakupa?" Alikigeuza kikombe chake juu ya sahani. "Na mwanangu alipolazwa wiki tatu, ulifanya kazi yangu na yako, hukumwambia mtu. Nikasema mtu wa hivyo atasema mwenyewe. Nimpe siku moja. Halafu nikakupa ya pili."

Nilimweleza habari za fundi saa. Hakuwa amezisikia. Nilimweleza kitanda kile, na zamu, na safari ya saa tatu, na nilipomaliza alikuwa amefumba macho.

"Basi na huyo nimeandikiwa mimi," alisema.

Nilishuka kutoka kwenye kiti, magoti yakagusa sakafu. Akaniambia ninyanyuke haraka, mumewe asije akanikuta hivyo akamuuliza kuna nini, maana hajui lolote na yeye hataki kumdanganya zaidi. Nikanyanyuka. Nikamwambia kesho asubuhi nitakwenda kusema yote.

"Usiniambie mimi," alisema. "Waambie wao."

Kwenye ngazi nilipishana na mumewe akipanda na binti yao. Alinisimamisha ili mtoto aniamkie vizuri.

Ijumaa saa mbili kamili nilikuwa ofisini kwa meneja. Nilikuwa nimejipanga usije ulimi ukateleza, kwa hiyo nilianza mwanzo, mechi, simu, programu, neno la siri la Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akakaa tena.

Nilitegemea apige simu polisi. Badala yake alifungua droo akatoa barua mbili, akazigeuza nizisome. Ziliandikwa na mtaalamu wa kompyuta wa makao makuu, moja mwaka uliotangulia, moja mwaka wa kabla yake. Zote mbili zilisema jambo moja: kompyuta za pampu zitenganishwe kabisa na mtandao wa nje, nakala za akiba zihifadhiwe mahali pengine, kila mtu awe na neno lake la siri na libadilishwe. Juu ya kila barua, kwa wino wa bluu, meneja alikuwa ameandika: Isubiri.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mkosaji akiwa Mwalimu, habari inaishia kwenye uzembe wa mtu mmoja na neno lake la siri. Nikiwa mimi, mpelelezi atauliza ilikuwaje simu ya mkononi iweze kuzungumza na pampu za mji mzima, na swali hilo litatembea mpaka kwenye droo hii.

"Kwa hiyo hujaniambia kitu," alisema.

Nikamwambia mtu amekufa. Akasema anajua, ndiyo maana. Kisha akanigonga mahali penyewe. Kompyuta bado zimekufa, bodi haijaamua kulipa wala kutolipa, na wataalamu wamesema kuziweka upya ni wiki mbili. Wakinichukua leo, nani atashika valvu? Nani anajua ipi inazungushwa kushoto?

"Shangazi yako ana mashine kesho," alisema. "Au siyo kesho?"

Ilikuwa kesho.

Alilosema lilikuwa kweli, na ukweli wake ulinifaa mno. Nimeyatafakari haya kwa miaka mitatu sasa. Ningeweza kumwambia amrudishe Mwalimu kazini, tukae shimoni mimi na yeye chini ya ulinzi wa polisi, tufundishe wengine, kisha nichukuliwe. Wazo hilo lilinijia jioni yake. Asubuhi ile sikulitafuta. Nilikuwa nimeshaonyeshwa mlango wa kutokea, na nilikuwa natoka.

Akasukuma karatasi mbele yangu. Ilikuwa imekwisha pigwa chapa, mistari mitatu tu: kwamba mimi, mwendesha mitambo, Jumapili ile saa nane nilishuka kukagua pampu, na nilimwacha mkemia peke yake kwenye kompyuta kwa muda wa saa mbili.

Naomba asinitetee mtu hapa. Hakunishikia bastola. Nilichukua kalamu nikatia sahihi, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Saa nne viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uwanjani kwa hafla ya kunipongeza. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mnene wa sauti nzito, alikuja na watu wa redio na wapiga picha. Wafanyakazi walisimama nyuma na ovaroli zao. Pembeni aliketi mpelelezi wa makosa ya mtandao, mwanamume mwembamba mwenye kikohozi kisichokwisha, ambaye tangu Jumatatu alikuwa akizunguka na faili lake bila kuzungumza sana. Nilimwona meneja akimpelekea ile karatasi. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati badala ya kwenye faili.

Mwenyekiti alinivika kilemba cha ukoka mbele ya umati. Alisema mashine zinaweza kuibiwa akili lakini mikono ya mtu mwaminifu haiibiki. Watu walicheka kwa furaha. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimevaa ovaroli iliyofuliwa, natazama kifungo cha koti lake.

Kukawa na minong'ono getini. Mtu mmoja alikuwa akibishana na mlinzi kwa sauti ya chini, na mwenyekiti, ambaye alitaka siku yake ionekane nzuri, akasema aachwe apite. Alikuja hadi mbele. Alikuwa kaka mkubwa wa fundi saa. Nyumba ya marehemu iko mlimani, maji hayajapanda kule, na msibani kuna watu wengi. Alikuja kuomba gari la maji. Hakujua kuna shughuli.

Mwenyekiti alimpa pole kwenye kipaza sauti, akaamuru gari liende mara moja. Kisha akamwelekeza kwangu, akamwambia huyu ndiye aliyerudisha maji.

Yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa mikavu, na alifanana nami kwa umri.

"Mngekuwa watatu kama wewe," aliniambia, "mdogo wangu angekuwa hai."

Hakusema kwenye kipaza sauti. Alisema kwangu tu.

Siwezi kuwaeleza vizuri kilichonitokea. Haikuwa ujasiri. Ni kwamba sikuweza kubeba na hilo pia. Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu, mwenyekiti amenipisha niseme mawili matatu ya shukrani.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyewaingiza wezi. Siyo mkemia."

Watu wakapiga makofi. Walidhani najishusha, kama mtu mwema anavyochukua lawama za wenzake. Mwenyekiti alitabasamu akanigusa bega. Ilinibidi nirudie. Nikataja Jumapili ile, simu, waya, tovuti, timu mbili zilizokuwa zikicheza, na matokeo. Nilipotaja matokeo mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaacha. Makofi yalikatika moja moja mpaka nikawa nasikia injini ya gari la maji ikiwashwa upande wa pili wa ukuta.

Kaka wa fundi saa alikuwa bado amenishika mkono. Akauachia. Hakunipiga, hakunitukana. Aliufuta mkono wake kwenye suruali, akarudi nyuma hatua mbili.

Meneja alikuwa amekwisha simama. Alimwambia mwenyekiti kwamba huyu mtu amechoka, siku nne hajapumzika, hajui anachosema, apelekwe akalale. Aliyasema kwa huruma ya kuaminika, na naapa kuna waliotaka kumwamini.

Mpelelezi alikohoa, akaja mbele akifungua ile karatasi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ya lini?"

"Ya leo asubuhi. Saa mbili na nusu."

"Kwa hiyo katika saa mbili umesema mambo mawili yasiyokutana." Hakupandisha sauti. "Nitakuuliza jambo moja. Ukinijibu kweli hapa, nitaanza kuyafikiria na hayo mengine. Mbali na wewe, nani mwingine alijua?"

Meneja aliangalia viatu vyake.

Nami nikainua macho, na ndipo nilipomwona Mwalimu. Alikuwa amesimama ndani ya geti, karibu na kibanda cha mlinzi, na mumewe kando yake. Baadaye nilijua mpelelezi ndiye aliyemwita saa nne ile aje kumalizia maelezo yake. Sijui walikuwa wamesikia kuanzia wapi. Mume wake alikuwa ananitazama mimi, machozi yanamtoka, na usoni mwake nilisoma shukrani. Mkewe ametakaswa mbele ya watu. Ndugu yake amesema.

Hakujua kwamba mkewe alijua.

Nilipiga hesabu haraka, kama mtu anayezama. Nikisema meneja peke yake, nitakuwa nimemdanganya mpelelezi katika dakika ileile ninayodai nimeacha uongo, na ikija kujulikana, kila nililosema litatupwa, pamoja na lililomsafisha Mwalimu. Nikiwataja wote wawili, basi huyu mwanamke niliyemshikia mlango akitoka na katoni lake nitamrudisha mwenyewe ndani: alijua tangu Jumatatu kompyuta zilitekwa vipi, akakaa kimya siku tatu za hospitali bila maji. Sheria haingeuliza kama alikuwa ananingoja mimi.

Nilimtazama anipe ishara. Hakunipa. Alinitazama tu, jinsi alivyokuwa akinitazama nikisoma kipimo na yeye anajua jibu.

"Nakusubiri," mpelelezi alisema, akafungua kalamu.

"Wawili," nilisema.

Kelele ziliinuka nyuma, kila mtu akimgeukia jirani yake. Mpelelezi aliinua mkono wanyamaze, akaniambia nitaje. Nilifungua mdomo kuanza na meneja.

Lakini pale getini Mwalimu alikuwa ameshauachia mkono wa mumewe, na alikuwa anakuja mbele, peke yake, katikati ya viti, na mumewe anamwita kwa nyuma kumuuliza anakwenda wapi.